Lebo Iseme Kilichomo Chupani

Ndugu zangu wa Makongolosi, nanyi wa Chunya, Mbalizi, Mafinga na Iringa ambao ukurasa huu utawafikia, nina ombi kuhusu maneno yanayobandikwa kwenye chupa za mvinyo. Najua mji wetu una mengi mazito ya kujadili: maji, zebaki, bei ya dizeli ya makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu. Hata hivyo nawaomba mnipe nafasi, kwa sababu neno lililobandikwa kwenye bidhaa ni ahadi ya muuzaji kwa mnunuzi, na ahadi hiyo tumeizoea kama pambo wala hatuidai.

Ingia grosari yoyote ya hapa mjini jioni. Tangu lami ya kutoka Chunya ilipotufikia, rafu zimejaa. Mvinyo wa Dodoma upo, wa Afrika Kusini upo, na zipo chupa ambazo asili yake huijui mpaka uvae miwani. Geuza chupa usome nyuma. Mara nyingi utakuta, kwa Kiingereza, habari za matunda ya porini ya Ulaya, mbao za mwaloni, vanila, hariri, ladha inayodumu kinywani, machweo, urithi na shauku. Kisha chini kabisa, kwa herufi za kutafutwa kwa tochi, imeandikwa asilimia ya kilevi. Anayenunua ni kijana aliyetoka kwenye duara la mgodi na pesa yake ya jasho, au mama anayetafuta chupa ya heshima ya kupeleka kwenye sendofu ya binti wa jirani. Wote wawili wanalipia maneno ambayo hakuna aliyewaeleza maana yake, na lile jambo moja ambalo lingewafaa limesukumwa pembeni.

Simkatazi mtu kusifia. Lugha yetu imelelewa na sifa: bibi harusi husifiwa, ng'ombe husifiwa, hata jembe lililofuliwa vizuri hupata neno lake. Lakini sifa za namna hiyo husemwa mbele ya watu wanaomjua anayesifiwa, na zikizidi mno wasikilizaji huguna. Mwandishi wa lebo hatumjui, yuko mbali, na hakuna wa kuguna mbele yake. Ndiyo maana naomba tuanze kuguna, kwa adabu na kwa pamoja.

Kwanza tuwe waadilifu kwa waandishi hao, maana baadhi ya maneno yao yana ukweli. Mvinyo unaolazwa kwenye pipa la mwaloni lililochomwa kwa ndani hunyonya vanilini, kemikali ileile inayoipa vanila harufu yake. Anayesema anasikia vanila hapo hajazua. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walitangaza kwamba harufu ya pilipili manga kwenye mvinyo wa zabibu za Syrah, ambazo hata Dodoma zinalimwa, inatokana na kemikali iitwayo rotundoni, ambayo imo katika pilipili manga yenyewe. Harufu ya pilipili hoho katika baadhi ya mivinyo nayo ina chanzo chake, na ya siagi pia. Zabibu ikichachuka huzaa vitu vingi ambavyo havikuonekana kwenye tunda, na pua iliyozoezwa huvitambua.

Shida huanza neno linapokosa kitu cha kulishikilia. Mwaka 2001 watafiti watatu waliofanya utafiti wao Bordeaux nchini Ufaransa, Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo natamani kila mnunuzi alijue. Waliwapa wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo glasi ya mvinyo mweupe na glasi ya mvinyo mwekundu waeleze harufu zake. Baadaye wakawapa tena mvinyo uleule mweupe, mara hii glasi moja ikiwa imetiwa rangi nyekundu isiyo na ladha wala harufu. Wanafunzi waliieleza glasi hiyo kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Hao walikuwa vijana wanaosomea kazi hiyo, katika nchi ya mvinyo. Macho yaliiambia pua cha kunusa, na pua ikatii. Kama rangi peke yake ina nguvu kiasi hicho, fikirieni picha ya mlima, jina la kifalme na aya nzima ya utamu wa maneno vinamfanyia nini mtu aliyesimama kaunta ya Makongolosi.

Tiba ya jambo hilo ilikwisha kujaribiwa. Ann Noble, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis, alitoa mwaka 1984 mchoro wa duara wenye maneno ya harufu za mvinyo. Aliyaweka kando maneno kama bora, maridadi na ya kuvutia, kwa kuwa hayamwelezi mtu ananusa nini. Akabakiza yale tu yanayoweza kuonyeshwa. Kisha akaeleza namna ya kuandaa mifano: chukua mvinyo wa kawaida usio na harufu kali, tia kidogo jamu ya tunda fulani kwenye glasi moja, kipande cha pilipili hoho kwenye nyingine, punje za pilipili manga kwenye ya tatu, kila mtu anuse na wote wakubaliane. Neno likawa na ushahidi wake mezani. Nalipenda wazo hili kwa moyo wote, na naamini linatufaa sisi kuliko hata waliolianzisha, kwa sababu sisi ni watu wa vipimo.

Tazameni tunavyouza dhahabu. Bonde letu la Lupa limechimbwa tangu miaka ya 1920, na dhahabu yake ndiyo iliyoukuza mji wa Mbeya siku zake za mwanzo. Peleka mzigo wako kwenye soko la madini la Chunya, lililofunguliwa mwaka 2019, uone kama kuna atakayekuuliza iwapo unang'aa kama jua la asubuhi. Uzito unapimwa, usafi unapimwa, namba zinasomwa mbele yako, ndipo bei inatajwa. Mchimbaji ambaye hakubali kupunjwa pointi moja ya dhahabu yake anakubali vipi kuuziwa chupa kwa masimulizi?

Wala tusidhani kusema ukweli kuhusu kinywaji ni maarifa ya kigeni. Majirani zetu wa Iringa na Njombe wanayo siku nyingi katika ulanzi, pombe ya mwanzi. Wakati wa mvua mwanzi mchanga hukatwa ncha, na mgemaji huurudia asubuhi na jioni akiukata tena kidogo ili utomvu usikauke. Utomvu hukingwa kwenye mbeta, kipande cha mwanzi wenyewe, na huanza kuchachuka hapohapo bila kutiwa chochote. Ukifika kilabuni muuzaji hatakuhadithia machweo. Atakuambia kama alichonacho ni mtogwa, yaani ulanzi mtamu uliogemwa punde, au ni mkangafu, uliokaa ukakomaa na kuwa mkali. Kwa neno moja umejua umri wake, utamu wake na jinsi utakavyorudi nyumbani. Akikuuzia mkangafu kwa jina la mtogwa, utajua kwa funda la kwanza, na kilabu kizima kitajua. Neno la muuzaji wa ulanzi lina mashahidi, ndiyo maana analichunga.

Akina mama wanaopika pombe ya kimpumu huku kwetu nao wana msamiati wao. Wanajua kimea kilichokaa vizuri na kilichochomwa, togwa iliyotulia na iliyokimbia, pombe ya leo na ya kesho. Nimewasikia wakikosoana kuhusu chungu kimoja kwa maneno ambayo mwonjaji wa Ulaya angeyaonea wivu, na hakuna aliyeyaandika. Nawaomba walimu wetu wa sekondari, hasa wa Kiswahili na wa Kemia, mkae na akina mama hao, kalamu mkononi. Mwanafunzi hana haja ya kuonja pombe ili akusanye maneno ya bibi yake. Uchachukaji umo katika masomo yenu, na msamiati wa ladha ni utajiri wa lugha unaozikwa kila tunapomzika mzee mmoja.

Sasa turudi kwenye ile asilimia iliyojificha, maana kwangu hiyo ndiyo ladha ya kwanza ambayo mnunuzi ana haki ya kuijua. Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi halisi. Chupa ya mvinyo ya mililita 750 yenye asilimia 12 ina mililita 90, na yenye asilimia 14 ina 105, zaidi ya bia nne za aina hiyo. Ipo mivinyo mitamu iliyoongezewa kilevi inayofika asilimia 16 hadi 18, na hiyo ndiyo hupendwa na anayeanza, kwa sababu sukari huuficha ukali. Akimaliza chupa ya asilimia 18 peke yake amekunywa mililita 135, zaidi ya bia tano, huku lebo ikimzungumzia asali na mahaba. Kichupa cha Konyagi cha mililita 200 chenye asilimia 35 kina 70. Hesabu hizi ni za darasa la saba. Dada au kaka unayehudumia kaunta, nakuomba uzijue kwa kichwa, na mteja akikuuliza mvinyo gani mtamu, mtajie pamoja na nguvu yake. Hutapoteza mteja kwa hilo. Utampata yule ambaye kesho yake ataamka salama akarudi.

Hatujasahau viroba. Kuanzia Machi 1, 2017 serikali ilipiga marufuku pombe kali ya kwenye pakiti za plastiki, na miji ya machimbo ilijua vizuri kwa nini. Pakiti ilikuwa ndogo, nafuu, yenye rangi za kuvutia, inakaa mfukoni mwa shati hata la mwanafunzi. Marufuku ile iliondoa pakiti, lakini haikutufundisha kusoma kilichoandikwa juu ya kinachouzwa. Kazi hiyo imebaki kwetu.

Kuna pia suala la uhalali wa chupa yenyewe. Tangu mwaka 2019 vinywaji hivi hubandikwa stempu ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato Tanzania, na mtu yeyote mwenye simu janja anaweza kuikagua kwa programu ya Hakiki Stempu. Tafuteni pia alama ya Shirika la Viwango Tanzania. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili ya kusikiliza. Chupa isiyo na stempu, isiyotaja mtengenezaji wala kilevi chake, irudisheni rafuni hata kama lebo yake imeandikwa kwa wino wa dhahabu.

Naongea sasa na watengenezaji wa Dodoma, kwa upendo kabisa, kwa sababu chupa zenu ndizo ninazotaka kuziona zimejaa rafu za Makongolosi. Mnalima zabibu katika nchi isiyo na majira ya baridi kali, mkivuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Bordeaux hawana. Wamisionari wa Kitaliano waliacha mbegu na ujuzi, wakulima wa Hombolo, Bihawana na Makutupora wakaongeza jasho, na leo kuna vikundi vinavyokamua na kuhifadhi mchuzi wa zabibu badala ya kuacha matunda yaoze yakisubiri mnunuzi. Serikali nayo imewatofautisha: mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake zimelimwa hapa nchini hutozwa ushuru mdogo wa bidhaa. Hiyo ni habari ya kuandikwa kwa herufi kubwa. Tuambieni zabibu ni za kijiji gani, ni za mavuno ya mwezi gani, ni za aina gani, mvinyo ni mkavu au mtamu, umelazwa kwenye pipa la mbao au kwenye tangi la chuma, umeongezewa sukari au la. Mimi ningeisoma lebo hiyo neno kwa neno, na ningemsomea aliyekaa meza ya jirani.

Na mkitaka kutueleza ladha, tuelezeni kwa matunda tuliyokula. Kuna nini kibaya na zambarau? Meno yetu yote yaliwahi kugeuka rangi kwa ajili yake, na ule ukakasi unaokausha ulimi tunaujua kuliko maelezo yoyote ya mwonjaji. Kuna furu, kuna ukwaju, kuna ubuyu ambao mibuyu yake imesimama Dodoma kwenyewe. Huku kwetu kuna masuku, ambayo baadhi ya watu wa Iringa huyaita makusu, yenye utamu mzito unaonukia mpaka barabarani msimu wake ukifika. Kuna karafuu na iliki. Waonjaji wa nje hupenda kusema mvinyo mwekundu uliozeeka unanukia jani la tumbaku. Basi waje Lupa wamuulize mkulima aliyelala usiku kucha akilinda moto wa bani lake la kukaushia tumbaku. Atawaambia ni jani la siku ya ngapi. Watu wenye pua za namna hii hawastahili kusimuliwa beri za Ulaya ambazo hawajawahi kuziona, wala nyie hamstahili kuazima ladha za watu wakati zenu zimewazunguka.

Najua jibu la mfanyabiashara: Kiingereza kinauza, kinaipa chupa hadhi, na mgeni wa hotelini naye asome. Namsikiliza, kwani lebo ina nafasi ya lugha mbili. Ila hadhi inayotokana na mnunuzi kutoelewa haidumu. Siku akipata chupa nyingine isiyoeleweka kwa bei ndogo zaidi, atahamia huko. Mnunuzi aliyeelewa alichokionja ndiye atakayeitafuta chupa ileile tena, kwa jina la kijiji chake.

Wapo kati yenu wasiokunywa kabisa, kwa imani au kwa uamuzi, nami nawaheshimu. Wito huu ni wenu vilevile. Asali ya misitu ya miyombo ya Chunya inauzwa kandokando ya barabara kwenye chupa zilizotumika, bila neno lolote, au ikiwa na neno moja tu: asilia. Kahawa ya Mbozi na chai ya Rungwe na Mufindi husafirishwa nje, na huko hupewa maelezo ya maua na matunda na watu ambao hawajawahi kuona shamba lake. Kama hatutazoea kueleza vya kwetu kwa maneno yenye ushahidi, wengine watatuelezea, na bei itaandikwa na anayeeleza.

Kwa hiyo naomba tufanye jambo dogo hapa mjini, tusisubiri Dodoma. Wenye grosari mnaokubali, tukutane jioni moja ya mwisho wa wiki, watu wazima tu, tuweke mezani chupa chache za mvinyo wa nyumbani zikiwa zimefunikwa lebo. Pembeni tuweke zambarau kama ni msimu wake, ukwaju, maganda ya chungwa, karafuu, asali, jani la tumbaku kavu, kijiti cha mwanzi. Tunuse, tuonje funda moja moja, tubishane, tuandike kwa Kiswahili yale ambayo wengi wetu tumekubaliana kuyasikia, na yale ambayo hatukuyasikia tuyaseme pia. Orodha hiyo tuitume kwa watengenezaji pamoja na majina ya chupa zao. Wenzetu wa Mafinga na Iringa wafanye ya kwao, na wa Mbozi wafanye kwa kahawa. Warina asali wa Chunya waje na chupa zao. Tutawasaidia kuandika msitu ulipo mzinga, mwezi wa kurina na miti iliyokuwa imechanua.

Nanyi wagemaji wa ulanzi, ambao baadhi yenu mmeanza kuwaza kuufunga ili ufike mbali, msikubali kuandikiwa habari za hariri na machweo. Andikeni mianzi ni ya wapi, umegemwa siku gani, na kama ni mtogwa au mkangafu wakati unafungwa. Kisha acheni nafasi ya tarehe ambayo utakuwa umegeuka, ili mnunuzi wa Makongolosi, safari nzima hiyo kutoka kwenu, ajue kabla hajafungua.